Fyuzi ya Bwana Njiru

Nisikilize kidogo, wewe uliyekalia kiti changu pale karibu na dirisha. Najua faili ni nyingi na siku ya bodi haimngoji mtu. Lakini kiti hicho nilikikalia mpaka kikachukua umbo langu, na kuna jambo moja ambalo halimo katika kijitabu cha taratibu ulichopewa. Ukilijua mapema utafanya kazi nzuri kuliko mimi. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Nimekuona ukizungumza na watu pale koridoni, na unajua kunyamaza mtu anapotafuta neno. Hilo tayari ni nusu ya kazi.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Utaviona mwenyewe kwenye karatasi zako, na havichukui muda mrefu kusoma.

Mimi ni mtu wa juu ya Nkubu. Nyumbani kwetu, mwanamke akikataa jambo, sufuria ndizo huongea kwanza. Mama yangu alipokataa ng'ombe wetu auzwe, majirani wa ng'ambo ya bonde walijua kabla ya baba. Nikakua nikidhani kwamba asiyetaka kitu atasema, na asiyesema anataka. Nilipoajiriwa na kutumwa upande wa Mbeere nilibeba nguo, godoro na jiko la mafuta. Sufuria za mama nazo nilikuwa nimezibeba, ila hizo sikuziona.

Nilipanga chumba Majimbo, pale Embu mjini, na kila asubuhi nilishuka kwenye joto. Kazi unaijua, lakini acha niieleze kama ilivyoelezwa kwangu. Mtu hawezi kuuza shamba la familia mpaka bodi ya ardhi iketi na kumwuliza mke wake, ana kwa ana, kama amekubali. Karani ndiye anayewapokea kwanza. Hukagua karatasi, huuliza, huandika jibu. Bodi huwa na faili nyingi na wazee wake hutaka kurudi kwao kabla ya jua kali, kwa hivyo neno la karani ndilo mara nyingi linalopita.

Karani niliyemkuta alikuwa Bwana Njiru, mtu mwembamba wa Embu aliyevaa sweta mbili hata mwezi wa pili, na ambaye peremende haikutoka shavuni mwake. Meza yake ilikuwa na kidau cha wino, rula ya chuma, na penseli iliyofungwa kwa uzi ili isitembee. Nyuma yake palikuwa na mashine ya kopi iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa chungu cha ua. Ungedhani ni madhabahu.

"Hiyo mashini?" nikauliza siku ya kwanza.

"Mbovu," akasema. Halafu, "Wewe ni Mmeru?"

"Ndiyo. Kutoka Nkubu."

"Basi huku utaongea polepole. Watu wa huku husikia."

Nilicheka, kwa sababu nilidhani ni utani wa kikabila wa kawaida.

Alivyofanya kazi ni hivi. Mume na mke wakiingia, Bwana Njiru angepokea karatasi, azitazame kwa kuziinua kwenye mwanga, kisha apige ulimi. "Baba Fulani, hii kopi ya kitambulisho haionyeshi uso. Hebu vuka hapo ng'ambo kwa Gakii akupigie ingine. Mbili. Mama abaki alinde karatasi." Mume angetoka akinung'unika. Bwana Njiru naye angetoa kiti chake nyuma ya meza na kukiweka kando ya yule mama, wote wawili wakitazama dirishani, kama abiria. Angeuliza habari za ndengu, kama mbuzi wamezaa, kama mtoto wa tatu amepona. Mimi niliendelea kugonga mihuri. Mume angerudi baada ya muda mrefu, jasho likimtoka, na wakati mwingine pembeni mwa faili pangekuwa na nukta ndogo ya penseli.

Faili yenye nukta ilipofika mbele ya bodi, mwenyekiti angeifungua, aitazame na kusema, "Hii ina upungufu. Rudini mwezi ujao." Mwezi ujao ingekuwa na upungufu tena. Hatimaye mnunuzi angechoka na kutafuta shamba lingine.

Haya niliyaona kwa miaka mitatu, nikiwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake. Na nilichokiona ni mzee mzembe ambaye faili zake zina upungufu asioweza hata kuutaja. Siku moja nikamwambia mbele ya watu wote, "Bwana Njiru, kwani wewe na Gakii mna hisa kwa hiyo duka ya kopi?"

Alihamisha peremende kutoka shavu moja hadi jingine. "Tuna hisa kubwa," akasema.

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilicheka zaidi.

Alipostaafu alinikabidhi funguo na ile penseli na uzi wake. Aliniangalia kidogo akasema, "Utaendelea." Nikachukua ile kuwa baraka.

Wiki mbili hazikuisha kabla sijaita fundi. Alitoa chungu cha ua, akakunja kitambaa, akafungua plagi kwa bisibisi, akaanza kucheka. "Madam, hii mashini haina shida yoyote. Plagi haina fyuzi. Kuna mtu aliitoa." Fyuzi niliipata jioni hiyo katika droo ya chini, imevingirishwa kwenye karatasi ya peremende kama mtoto mchanga. Niliirudisha kwa mkono wangu. Mashine ikanguruma. Kesho yake nikabandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: KOPI ZINAPIGWA HAPA HAPA, MSIHANGAIKE.

Watu walifurahi. Waume walifurahi sana. Mkubwa wetu alinisifu kwenye mkutano, na nikajiona mtu aliyeleta mwanga kwenye ofisi ya sweta mbili.

Tena nilijiona mtu wa kusikiliza. Mimi ni mwanamke, nikajiambia, wanawake wataniambia mimi kile wasichomwambia mzee. Niliwauliza kwa Kimbeere, ambacho kwa mtu wa Kimeru ni kama nyumba ya jirani, unaingia bila kubisha. Nilitabasamu. Niliinamia mbele juu ya meza. "Mama, umekubali shamba liuzwe, si ndiyo?" Na hapo nikainamisha kichwa changu, kwa upole, kumtia moyo. Mama angekitazama kichwa changu kinavyoshuka, na chake kingeshuka. Mume yuko hapo hapo, kiti kinagusana na kiti. Nikaandika.

Sasa nikuambie habari za Igoki.

Alikuja asubuhi moja na mumewe, Nyaga, mtu mcheshi, anayesalimia kila mlango. Nyaga alitaka kuuza shamba lao la kando ya mto, lile la ndengu na mapapai, anunue pikapu ya kubebea muguka, yale majani ya kutafuna. Alizungumza juu ya pikapu hiyo kama vile tayari iko nje inapiga honi. Igoki alikuwa mama wa miaka kama arobaini, leso kichwani, mfuko wa karatasi magotini. Yeye ndiye aliyetoa karatasi. Kopi ya kitambulisho cha mumewe ilikuwa imelowa mafuta ya taa, uso umegeuka doa.

"Hii kopi imeharibika," nikasema.

Igoki akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Aii, Mama Wanja!" Nyaga akasema. "Si nilikuambia hizi vitu uweke mbali na taa?"

"Iliharibika," Igoki akasema. "Labda umwambie aende huko nje alete ingine."

"Hakuna kutumana," nikajibu kwa furaha. "Siku hizi hatuwasumbui. Mashini iko hapa."

Nikaipiga. Hata dakika haikuisha. Igoki aliitazama ile mashine kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha marehemu.

"Na yule mzee wa sweta?" akauliza.

"Alistaafu, mama."

"Alaa." Akakunja mfuko wake mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaniuliza, "Wewe umeolewa wapi?"

Nilidhani tumekuwa marafiki. Nikamwambia kwetu ni Nkubu, mume wangu ni mwalimu, tunaishi Majimbo, tuna watoto wawili, na hata hapo sikunyamaza, nikamweleza bei ya maziwa mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake usoni pangu. Nyaga akapiga goti lake. "Wameru wanajua kuongea! Mama Wanja, umesikia? Jifunze."

Nikacheka. Nikiwa bado na kile kicheko mdomoni nikamwuliza, "Basi, Mama Wanja, umekubali shamba liuzwe?" Na kichwa changu kikashuka.

"Ni vile Baba Wanja amesema," Igoki akajibu.

Nikaandika neno moja: Amekubali.

Mbele ya bodi alisema hivyo hivyo. Faili haikuwa na nukta. Ikapita.

Misimu miwili ya mvua ilipita pia. Siku moja niko kwenye mashine, mgongo kwa mlango, nikasikia wanawake wawili kwenye benchi la nje. Mmoja alikuwa Igoki. Alikuwa amemsindikiza mke wa shemeji yake, ambaye mumewe alikuwa anaegesha pikipiki.

"Huyo ndiye huuliza akicheka," Igoki alikuwa anamwambia. "Usimwambie kitu. Hata ukichoma karatasi, yeye anatoa ingine."

Nilisimama pale na karatasi ya moto mkononi. Kisha nikatoka nikaketi kwenye lile benchi. Hakushtuka. Alinisalimia vizuri, akauliza watoto wangu wawili wanaendeleaje. Nilimwuliza anaishi wapi siku hizi.

"Kiambere. Tumekodi mahali. Mawe ni mengi kuliko udongo, lakini tunajaribu."

"Na pikapu?"

"Iko kwa fundi. Imekaa huko kuliko nyumbani."

Nikamwambia kile ambacho mtu wa kwetu angesema. "Mama Wanja, ungekataa. Ungesema tu, ningeandika umekataa."

"Ukiandika nimekataa," akasema polepole, kama anayemweleza mtoto, "mimi jioni ningerudi kwa nani? Nimvue mume wangu nguo mbele ya serikali, halafu nimpikie?"



"Dada yangu alipita kwenye hii ofisi," akaendelea. "Mzee wa sweta akamtuma bwana yake kopi. Dada akasema moyo wake. Mpaka leo bwana yake anajua ni serikali ilikataa, karatasi zilikuwa na makosa. Wanaishi vizuri. Wana shamba. Sisi wote tulijua hiyo njia. Ile kopi, mimi ndiye niliimwagia mafuta ya taa. Nilikaa hapo nikingoja atumwe."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe ya nini? Ulifanya kazi yako. Ile kopi ulipiga vizuri sana."

Mume wa yule mwingine alikuwa anakuja. Niliingia ndani mbio, nikachomoa plagi, nikamwambia mashine imekufa, avuke barabara. Akaenda. Nikatoa kiti nyuma ya meza, nikaketi kando ya mkewe, tukatazama dirishani. Nikauliza habari za ndengu. Nikauliza lile swali bila kutabasamu, kichwa changu nimekishika wima kama ndoo ya maji.

"Ni vile amesema," akajibu, akitazama nje.

Alikuwa ameshaonywa juu yangu. Niliweka nukta hata hivyo, kwa kubahatisha. Faili ikarudishwa, na hawakuja tena. Mpaka leo sijui kama nilimwokoa au nilimharibia.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa Bwana Njiru. Nilimkuta kwake akipalilia kahawa, sweta mbili. Nilikuwa na hasira na sikusubiri chai.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaona kila siku."

"Nilikuwa naona kopi!"

Akaacha jembe. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana peremende. "Wewe ni mwanamke," akasema. "Nilifikiri mwanamke haambiwi hiyo. Ni kama kumwambia mama vile mtoto hulia."

"Na ile siku niliuliza kama mna hisa na Gakii?"

"Nilifikiri unanifichia siri mbele ya watu. Nikasema huyu msichana ana akili."

Tulitazamana. Yeye alidhani uanamke wangu unatosha, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Ile tabia ya kutosema, iliyomwachia dada yake Igoki shamba, ndiyo iliyomnyang'anya Igoki lake. Bwana Njiru nilimheshimu mpaka alipozikwa, lakini lawama yangu juu yake haikuisha. Angetumia sentensi moja tu. Hata ningeicheka, ingebaki kichwani.

Jumatatu niliirudisha fyuzi kwenye karatasi yake ya peremende, nikabandua tangazo na kuvuka barabara kwenda kwa Gakii.

"Nitawatuma tena kwako," nikamwambia.

Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Kwani ulikuwa hujui? Mimi nilifikiri umeninunia. Basi sawa. Nitawaambia mashini lazima ipate moto kwanza." Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia tangu zamani. Mtu wa kopi alijua kazi yangu kuliko mimi.

Ilichukua miaka kabla wanawake wa sehemu hizo hawajaanza kuniambia kitu. Jina baya linatembea kwa miguu yake. Jina zuri lazima ulibebe mgongoni. Nilijifunza kwamba swali lenye jibu ndani yake si swali. Nilijifunza kwamba mama akikuuliza umeolewa wapi, huenda anapima kama unaelewa kuolewa ni nini, na jibu lake ni fupi, kisha unangoja. Nilijifunza pia kwamba kuna wanaokubali kweli, wanaotaka shamba liuzwe kuliko waume zao, na hao usiwaharibie kwa huruma. Lakini jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni kujua uso wangu unafanya nini wakati mdomo unauliza. Nilinunua kioo kidogo nikakiweka ndani ya droo. Wenzangu walidhani ni majivuno.

Siku ya kuniaga, mkubwa wetu alisimama na kusema mimi ndiye niliyefufua mashine ya kopi na kuharakisha huduma kwa wananchi. Walipiga makofi. Walinipa saa ya ukutani. Nilishukuru, kwa sababu kwetu mtu hushukuru. Wewe pia ulipiga makofi, na sikukasirika, hukujua.

Mwezi uliopita nilipita Kiambere kwenye harusi, nikamtembelea Igoki. Amezeeka. Wamekodi mahali pengine sasa, mbali zaidi na maji, ingawa bwawa unaliona kutoka mlangoni. Alinipa uji kwenye kikombe kizuri, akaniuliza habari za watoto kwa majina. Sikumwomba msamaha tena, na yeye hakusema lolote juu ya lile shamba. Tulinyamaza muda mrefu. Siku hizi najua kusoma kimya kama kile. Nilikisoma chote, nikamaliza uji, nikaaga.

Sasa wewe huhitaji hata mashine. Una simu inayopiga picha ya kitambulisho kabla mwenyewe hajakaa, na mkubwa atakusifu kwa hilo. Fyuzi nimekuachia katika droo ya chini, kwenye karatasi yake ya peremende, pamoja na kile kioo. Haina kazi tena, lakini usiitupe.

Siku ya bodi, funga simu ndani ya droo hiyo. Mwambie mume kopi yake haionekani vizuri, avuke akapige mbili. Akishavuka barabara, toa kiti nyuma ya meza, keti kando ya mama, nyote wawili mtazame dirishani. Uliza mara moja, usicheke, usitikise kichwa. Kisha ngoja.